Maswali ya Wasomaji: Trusova na miruko ya mizunguko minne

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache miaka ya mwanzo ya Alexandra Trusova, binti wa Kirusi aliyeushtua mchezo wa kuteleza kwenye barafu akiwa bado mtoto. Hatukutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Tumechagua zile zinazohitaji majibu ya kina, na zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Wahariri, hamjambo? Huyu binti alifanya nini hasa hata akajulikana dunia nzima akiwa na miaka 13? Urusi ina mabinti wa barafu utitiri. (Msomaji, Tanga)

Hatujambo, ndugu yetu. Ni kweli ni utitiri, na ndiyo maana inafaa kujua ni kitu gani kilimtoa kwenye kundi.

Trusova alizaliwa tarehe 23 Juni 2004 mjini Ryazan, kusini mashariki mwa Moscow, na alivaa viatu vya chuma akiwa na miaka 4. Baadaye akahamia Moscow na kufundishwa na Alexander Volkov, kisha mwaka 2017 akaingia kundi la kocha Eteri Tutberidze katika Khrustalny, tawi la shule ya michezo ya Sambo-70. Humo mtu wa kumtazama kwa upande wa miruko alikuwa kocha Sergei Dudakov, na mtungaji wa programu alikuwa Daniil Gleikhengauz. Msimu huohuo alishinda raundi mbili za Grand Prix ya vijana, mfululizo wa mashindano ya kimataifa, Brisbane na Minsk, na Desemba akatwaa fainali yake huko Nagoya. Mpaka hapo alikuwa binti hodari miongoni mwa mabinti hodari.

Kilichopindua meza ni Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, Machi 2018, kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Kabla ya siku ile ni mwanamke mmoja tu aliyewahi kuhesabiwa mruko wa mizunguko minne katika mashindano ya kimataifa: Miki Ando wa Japani, mwaka 2002, kwa mruko wa salko. Ikapita miaka 15 na ushee bila wa pili. Trusova alifungua programu yake ndefu, yaani sehemu ya pili ya mashindano, kwa salko ya mizunguko minne, akafuatisha tolupu ya mizunguko minne, na zote akatua wima. Tolupu hiyo haikuwa imewahi kufanywa na mwanamke yeyote, achilia mbali kufanya miwili katika programu moja. Alimaliza na alama 225.52. Wa pili, Alena Kostornaia wa kundi lilelile, alikuwa na 207.39.

Oktoba 2018 huko Yerevan akaongeza lutzi ya mizunguko minne, na Desemba 2019, kwenye fainali ya Grand Prix huko Torino, akaongeza flipi. Kote kuwili alikuwa mwanamke wa kwanza.

Mnasema salko, tolupu, lutzi. Mimi nikitazama naona mtu anaruka, anazunguka, anatua. Nitatofautishaje? (Msomaji, Mombasa)

Usitazame hewani. Hewani miruko yote inafanana, na inapita kasi kuliko jicho. Tazama miguu nusu sekunde kabla ya kuruka.

Anza na chuma chenyewe. Kina unene wa milimita 4 hivi, na katikati kimechongwa kama mfereji mdogo, kwa hiyo upande wa chini kina kingo mbili: wa ndani, unaoelekea mguu wa pili, na wa nje. Mbele kuna meno. Aina ya mruko huamuliwa na ukingo unaoondokea, na kama umesaidiwa na meno au la.

Trusova, kama wengi, huzunguka kuelekea kushoto na hutua kwa mguu wa kulia, ukingo wa nje, akirudi kinyumenyume. Kwa mtu wa namna hiyo miruko inayochomwa kwa meno ni tolupu, flipi na lutzi. Isiyo na meno ni salko, lupu na akseli. Akseli ndiyo rahisi kuitambua kwa sababu ndiyo pekee inayorukwa mtu akitazama mbele, na kwa kuwa anatua akirudi nyuma, ina nusu mzunguko wa ziada. Kwa hiyo akseli ya mitatu ni mizunguko mitatu na nusu.

Kazi iko kwenye flipi na lutzi. Yote miwili mtelezaji anarudi nyuma kwa mguu wa kushoto, kisha anachoma barafu kwa meno ya mguu wa kulia. Kwenye flipi chuma cha kushoto kimelala upande wa ndani. Kwenye lutzi kimelala upande wa nje, maana yake mwili unapinda kuelekea upande mmoja ilhali mruko utazunguka upande mwingine. Ndiyo maana kabla ya lutzi utaona safari ndefu ya kurudi nyuma kuelekea pembeni mwa uwanja, mtelezaji akichungulia juu ya bega. Kosa la kawaida hutokea sekunde ya mwisho: kifundo kinalegea, chuma kinageukia upande wa ndani, na lutzi inakuwa flipi. Waamuzi wa kiufundi huliangalia kosa hilo kwa video ya polepole, wakiliona wanaweka herufi e, na thamani inashuka.

Nilitazama marudio ya Skate Canada 2019. Trusova alianguka chali, na bado akashinda! Hapa kuna upendeleo au nimekosa kuelewa? (Msomaji, Toronto)

Hakuna upendeleo, kuna hesabu. Na hesabu hii ndiyo ufunguo wa mwanzo wake wote, kwa hiyo tuvumilie kidogo.

Kila mruko una thamani ya msingi. Katika msimu ule wa 2019–20, kwa mizunguko minne: tolupu 9.5, salko 9.7, flipi 11.0, lutzi 11.5. Kwa mizunguko mitatu: tolupu 4.2, salko 4.3, flipi 5.3, lutzi 5.9. Ukiangalia vizuri utaona mzunguko mmoja wa ziada unakuza thamani kwa karibu mara mbili au zaidi. Juu ya hapo majaji hutoa alama ya ubora kuanzia -5 hadi +5, na kila hatua ni asilimia 10 ya thamani ya msingi.

Sasa mwanguko wa Kelowna, mji wa Kanada palipofanyika mashindano hayo. Alianguka kwenye salko ya minne, mruko wake wa kwanza. Chukua anguko la aina hiyo, lililokamilisha mizunguko yake yote na kupewa -5: unaanza na 9.7, unatoa nusu yake, 4.85, kisha unatoa alama 1 ya adhabu ya kuanguka. Zinabaki 3.85. Salko ya mitatu iliyotua salama bila sifa ya ziada inapata 4.3. Hasara ya kuthubutu, basi, haifiki nusu alama. Akitua wima faida ni zaidi ya alama 5. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angeikubali bahati nasibu hiyo.

Ila kuna sharti: mizunguko lazima itimie. Ikipungua nusu mzunguko au zaidi, mruko unashushwa daraja na kuhesabiwa kama wa mitatu. Salko ya minne iliyoshushwa hivyo, kisha ukaanguka, inakuachia 4.3 toa 2.15 toa 1, yaani 1.15. Hapo ndipo wengi wanaoiga miruko hii huumia kwenye karatasi ya alama: wanaanguka kwa sababu hawakumaliza kuzunguka, kwa hiyo wanapigwa mara mbili.

Baada ya kuanguka, Trusova aliinuka akatua lutzi ya minne na tolupu mbili za minne. Programu ile ndefu ikampa 166.62, rekodi ya dunia wakati huo. Alikuwa ameingia siku ile akiwa wa tatu kwa 74.40, nyuma ya Mjapani Rika Kihira mwenye 81.35. Alitoka na jumla ya 241.02 dhidi ya 230.33 za Kihira.

Jambo jingine ambalo watazamaji hulipita: miruko mitatu ya mwisho ya programu ndefu huongezewa asilimia 10, kwa kuwa miguu imechoka. Trusova alipenda kuweka huko nyuma lutzi ya mitatu iliyounganishwa na lupu ya mitatu. Ijumlishe: 5.9 na 4.9 ni 10.8, na ukiongeza asilimia 10 ni 11.88, zaidi ya lutzi ya minne iliyowekwa mwanzoni. Kwa nini wachache huithubutu? Kwa sababu lupu inarukwa kutoka ukingo uleule uliotulia, mguu uleule wa kulia, bila meno ya kukusaidia. Ukitua lutzi ukiwa umeegemea hata kidogo, lupu haipo tena, itabidi ubadili hapohapo.

Kama hesabu inampendelea mwenye miruko ya minne, mbona kwenye fainali ya Torino alishika nafasi ya tatu, tena nyuma ya msichana asiyekuwa na mruko hata mmoja wa minne? (Msomaji, Nairobi)

Swali zuri kuliko yote tuliyopokea. Jibu limo kwenye programu fupi.

Mashindano yana sehemu mbili, programu fupi na programu ndefu, na alama hujumlishwa. Kanuni za wakati huo hazikuwaruhusu wanawake kufanya mruko wa minne kwenye programu fupi. Silaha ya Trusova ilibaki kwenye begi. Kilichoruhusiwa ni akseli ya mitatu na nusu, yenye thamani 8.0, badala ya ile ya miwili na nusu yenye 3.3. Kostornaia alikuwa nayo, nzuri tena ya kutegemewa. Trusova hakuwa na ya kutegemewa.

Tazama Torino. Programu fupi: Kostornaia 85.45, Trusova 71.45. Pengo ni alama 14 kamili. Programu ndefu: Kostornaia 162.14, Trusova 161.73. Pengo ni 0.41 tu. Aliyeongoza programu ndefu siku ile ni Mrusi mwenzao Anna Shcherbakova, 162.65. Jumla ikasimama 247.59 kwa Kostornaia, 240.92 kwa Shcherbakova na 233.18 kwa Trusova. Ukisikia mtu akisema majaji walimpokonya ushindi kule Torino, mwonyeshe tarakimu hizi. Alishindwa siku moja kabla ya kugusa mruko wake wa kwanza wa minne.

Na kwa nini alipokuwa kwenye vijana tatizo hili halikuonekana sana? Kwa sababu programu fupi ya wasichana vijana ilitaka akseli ya miwili na nusu tu. Kila mtu alibeba ileile, mapengo yakawa madogo, na programu ndefu ndiyo ikaamua. Hata hivyo dalili zilikuwepo: Desemba 2018, fainali ya vijana Vancouver, Kostornaia alimshinda kwa 217.98 dhidi ya 215.20. Alipopanda kwa wakubwa, pengo dogo likawa korongo.

Kuna na alama za uwasilishaji: ustadi wa kuteleza, mpangilio, muziki. Kwa wanawake enzi hizo zilikuwa na kikomo cha 40 kwenye programu fupi na 80 kwenye ndefu. Mpinzani mwenye kuteleza laini alivuna hapo. Kwa maoni yetu Trusova wa 2019 aliteleza kama mtu anayewahi basi: mbio, mruko, mbio, mruko. Kasi hiyo ndiyo iliyompa kimo, na ndiyo iliyomnyima alama za utulivu.

Umri. Ni kweli alipenya kwa siku chache tu? Na mbona kanuni imebadilishwa? (Wasomaji watatu, Dar es Salaam na Kisumu)

Ni kweli. Shirikisho la kimataifa, ISU, lilitaka mshiriki wa vijana awe ametimiza miaka 13 kabla ya tarehe 1 Julai inayotangulia msimu, na wa wakubwa awe ametimiza 15. Trusova ni wa 23 Juni. Alitimiza 13 siku nane kabla ya mlango wa 2017 kufungwa, na 15 siku nane kabla ya mlango wa 2019. Angezaliwa katikati ya Julai, Sofia ya 2018 ingempata kwenye orodha ya watoto, na Kelowna ingemkuta bado kijana.

Mwezi Juni 2022 mkutano wa ISU uliofanyika Phuket ulipitisha kupandisha umri wa wakubwa kwa hatua: 15 msimu wa 2022–23, 16 msimu uliofuata, na 17 kuanzia 2024–25. Hoja kuu ilikuwa afya ya mwili na akili ya watoto.

Suala la mwili ni la kweli. Anayezunguka mara nne ana takriban sekunde 0.6 hadi 0.7 hewani, kwa hiyo anahitaji kasi ya mizunguko mitano hadi sita kwa sekunde. Ile pia ambayo watoto huizungusha chini, ikiwa nyembamba huzunguka kwa kasi, ikiwa pana husita, na mwili ni vivyo hivyo. Mabega na nyonga vikipanuka, nguvu ileile ya kuruka inazalisha mzunguko mdogo. Msichana aliyetegemea wembamba pekee hujikuta miezi michache baadaye anatua robo mzunguko pungufu, na kila kutua ni kishindo cha mara kadhaa ya uzito wake juu ya mguu mmoja. Kifundo, mgongo na nyonga ndivyo vinavyolipa.

Lakini tusimtumie Trusova kama ushahidi wa kwamba miruko hii ni ya watoto tu. Tarehe 17 Februari 2022, kwenye Olimpiki ya Beijing, akiwa na miaka 17, alifanya miruko mitano ya minne katika programu ndefu moja: flipi, salko, tolupu, na lutzi mara mbili. Kwa mpango, si kwa pupa: kanuni inaruhusu aina moja tu ya mruko wa minne kurudiwa, kwa hiyo ukitaka mitano lazima uwe na aina nne tofauti. Alipata 177.13, na medali ya fedha kwa jumla ya 251.73. Dhahabu ilikwenda kwa Shcherbakova, 255.95. Programu fupi, tena.

Shikamooni wahariri. Binti yangu ana miaka 6, ameanza kuteleza kwa viatu vya kukodi na sasa ananiomba kuruka kama Trusova. Nianzie wapi? (Mama, Dubai)

Marahaba, mama. Miaka 6 si kuchelewa.

Kwanza viatu, kwa sababu vya kukodi vimelegea na chuma chake ni butu. Nunua vinavyobana kisigino. Kosa la wazazi wengi ni kuchukua saizi kubwa ili mtoto akue navyo, kama sare za shule. Kisigino kikicheza ndani, kifundo kinapinda, na mtoto hajifunzi kusimama ukingoni. Wala usinunue vigumu vya wakubwa wanaoruka mitatu. Mtoto mwepesi hawezi kuvikunja, na goti lisipokunjika hakuna mruko. Chuma kinolewe na fundi anayejua viatu vya mchezo huu, siyo vya hoki, baada ya saa 20 hadi 40 za barafu. Mwambie asiguse meno ya mbele. Nje ya barafu avae vikinga vya plastiki, maana hatua chache kwenye saruji zinatosha kuua makali. Akimaliza, futa chuma hadi kikauke na ukivishe vifuniko vya kitambaa. Vya plastiki hufungia maji ndani na kuleta kutu.

Pili, mpangilio wa kujifunza. Kuanguka na kuinuka, kuteleza mbele na nyuma, kingo zote nne, kisha nusu mzunguko, kisha miruko ya mzunguko mmoja. Kabla ya miwili kuna kitu makocha hawaruki: kuzunguka kama pia kwa mguu wa kulia, ukingo wa nje wa nyuma, mguu wa kushoto umepishana mbele, mikono kifuani. Huo ndio mkao wenyewe wa hewani. Asiyeweza kukaa hapo akiwa chini hataweza akiwa juu. Sakafuni afanye vilevile kwa raba: aruke, azunguke, atue mguu mmoja na kuhesabu hadi tatu bila kuyumba.

Makocha hutumia pia mti mrefu wenye kamba inayofungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Warusi huuita *udochka*, yaani ufito wa kuvulia samaki. Kocha anateleza ubavuni na kumwinua mtoto kidogo mrukoni ili apate muda wa kumaliza mzunguko na aonje jinsi ulivyo. Ukizidishwa una madhara: mtoto anazoea kuegemea upande wa kamba na anasahau kujisukuma mwenyewe. Ukimwona binti yako anatua vizuri kwenye kamba na kila siku anaanguka upande uleule bila kamba, mwambie kocha apunguze.

Mizunguko minne msiiongelee kwa sasa.

Kwa kifupi: aliondoka kwa Tutberidze lini? (Msomaji, Kampala)

Mei 2020 alihamia kwa kocha Evgeni Plushenko, na Mei 2021 akarudi. Katikati hapo, mashindano ya dunia ya Stockholm 2021, alikuwa wa 12 baada ya programu fupi, akaongoza programu ndefu na kuchukua shaba.

Nikitaka kutazama programu zake, nianze na ipi? (Msomaji, Zanzibar)

Anza na programu ndefu ya Sofia 2018, kisha Kelowna 2019, kisha Beijing 2022. Mara ya kwanza itazame kawaida. Mara ya pili punguza kasi ya video hadi robo, na kwenye kila lutzi usimamishe pale meno ya kulia yanapogusa barafu. Angalia mguu wa kushoto: chuma kikiwa kimelala kuelekea nje, umeona lutzi ya kweli. Kisha isogeze hadi anapotua, uangalie ncha ya kiatu inaelekea wapi inapogusa. Ikiwa inatazama nyuma ya safari yake, mizunguko imetimia. Ikiwa inatazama ubavu na kumalizia kugeuka ikiwa chini, waamuzi nao wameshaiona.